Kijiko Kimesimama Wapi?

Alasiri moja, masika ikiwa inaelekea ukingoni, nilikata mtaa wa ndani kule Sokon I, Arusha, kukwepa foleni, nikakuta njia imefungwa. Mtaro ulikuwa umeipasua barabara ya vumbi katikati, kina chake kinamzidi mtu mzima kwa kichwa kimoja hivi. Kijiko cha cheni kilikuwa kimeegeshwa sambamba na mtaro, ukingoni kabisa, na ng'ambo ya mtaro yalikuwa yamelazwa mabomba ya zege. Mnyororo wa kunyanyulia ulikuwa umezungushwa kwenye meno ya baketi. Vibarua wawili walikuwa chini wakisubiri, mmoja amevaa ndala. Mama anayechoma mahindi pembeni alikuwa amesogeza jiko lake hatua mbili tu, maana wateja wake ndio hao hao.

Opereta akanyoosha mkono wa mashine kuvuka mtaro, bomba likafungwa, akalinyanyua. Ndipo nikaiona cheni ya upande ulio mbali na mtaro ikiachia ardhi. Haikupanda sana, ungeweza kupitisha kiganja chini yake. Tani ishirini za chuma zikawa zimesimama kwa mguu mmoja, kwa muda wa kuvuta pumzi mara mbili. Opereta, chalii wa miaka ishirini na kitu, akalishusha bomba polepole, akakunja mkono wa mashine, akaliburuza mpaka mdomoni mwa mtaro, akanyanyua tena. Safari hii cheni ikatulia. Kazi ikaendelea. Hakuna aliyesema neno, na wale wawili mtaroni hawakujua kitu, kwa sababu kutoka chini huwezi kuona cheni.

Nilimsubiri mpaka alipozima injini.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Bomba moja hapo lina uzito gani?”

“Kama tani moja na nusu, mzee. Lakini usihofu, hii mashine ni ya tani ishirini.”

Jibu hilo nimelisikia saiti nyingi kiasi kwamba naweza kulikamilisha kabla mtu hajalimaliza. Kuhusu bomba alikuwa sahihi kabisa. Bomba la zege lenye upana wa ndani wa milimita 900 na ukuta wa milimita 100 lina takriban kilo 750 kwa kila mita, na yale yalikuwa ya mita mbili mbili. Kosa lake lilikuwa kwenye namba ya pili. Tani ishirini ni uzito wa mashine yenyewe ikiwa kwenye mizani. Siyo uwezo wake wa kunyanyua, na wala hakuna namba moja ya kuitwa uwezo wa kunyanyua wa kijiko. Kreni haina namba moja, kijiko hakina, hata mkono wako hauna. Chukua ndoo ya lita kumi ya maji, ishike ikiwa imegusa kifua, halafu nyoosha mkono. Maji hayajaongezeka tone, lakini bega linajua.

Kinachokipindua kijiko ni uzito ukizidishwa kwa umbali, na umbali unapimwa kutoka katikati ya duara ambalo kibanda cha opereta kinazungukia. Weka bomba la tani moja na nusu, ongeza baketi ambayo kwa mashine ya ukubwa ule inakaribia tani nzima, ongeza mnyororo: tuseme tani mbili na nusu. Ukizibeba kwenye mita nane umebeba tani-mita ishirini. Ukizivuta mpaka mita tano umebeba kumi na mbili na nusu. Bomba ni lile lile na mafuta yanayochomwa ni yale yale, ila mashine iliyokuwa inaondoka chini sasa imekaa. Ndicho alichokifanya yule chalii, na alikifanya vizuri, kwa makalio. Maopereta wazuri wanaihisi mashine kwenye kiti kabla hawajaiona kwa macho. Tatizo la kipimo cha makalio ni kwamba kinakuambia ukiwa tayari umeshafika.

Kipimo kingine kipo, na kiko ndani ya kibanda. Kila kijiko kinatoka kiwandani na jedwali la kunyanyua, limebandikwa kwenye kioo au limo kwenye kitabu cha mashine. Safu moja inataja umbali, nyingine kimo cha ndoano, na ndani yake kuna uzito wa aina mbili: wa kunyanyua kwa mbele na wa kunyanyua kwa ubavu. Kiwango cha kimataifa kinachotumika kutengeneza jedwali hilo, ISO 10567, kinataka namba iliyoandikwa isizidi asilimia 75 ya uzito ambao ungeipindua mashine, wala isizidi asilimia 87 ya nguvu ya haidroliki. Yaani robo nzima ya usalama imeshakatwa kabla opereta hajapanda. Cheni ikiachia ardhi, jua kwamba hukugusa akiba tu, umeimaliza. Mashine nyingi za hapa kwetu ni mtumba, na zile zilizotoka moja kwa moja Japani nimezikuta zina jedwali zima kwa Kijapani. Nimewahi kumwona opereta ametundika kalenda juu yake. Sikumlaumu sana, kalenda angalau anaisoma.

Sasa hiyo habari ya mbele na ubavu. Kijiko cha tani ishirini kina cheni ndefu kuliko upana wake. Ukinyanyua kwa mbele, mashine inapinduka kwa kuegemea ncha za cheni, kama mita moja na themanini kutoka katikati. Ukinyanyua kwa ubavu, inaegemea cheni moja, kama mita moja na ishirini kutoka katikati. Kwa hiyo ubavu una theluthi mbili tu ya uthabiti wa mbele. Na kazi ya kulaza mabomba, kwa jinsi inavyofanyika mitaani kwetu, ni kazi ya ubavu: kijiko kinasimama sambamba na mtaro ili kiende nao, kinachukua bomba huku, kinaliweka kule. Tunachagua upande dhaifu wa mashine, tunauelekeza kwenye shimo, na shimo tumelichimba sisi wenyewe.

Hapo ndipo jedwali linapofika mwisho wa maarifa yake. Namba zake zote zimepimwa juu ya sakafu ngumu na tambarare. Ukingo wa mtaro hauna hata moja kati ya hayo mawili. Kijiko kikinyanyua kwa ubavu, uzito wake karibu wote pamoja na wa mzigo unahamia kwenye cheni ya upande wa mtaro, na cheni hiyo inaukandamiza ukuta ambao hauna kitu cha kuegemea ng'ambo ya pili. Cheni ikizama sentimita kumi upande mmoja, mashine inainama, ncha ya mkono inasogea nje zaidi, umbali unaongezeka, uzito unaohamia unaongezeka, cheni inazama tena. Anayetazama ataapa kwamba mashine ilianguka ghafla. Kumbe ilianza kuanguka tangu ilipoegeshwa.

Kanuni ninayoitumia, na ninaowafundisha nawaambia waibebe kama wanavyobeba namba ya simu ya nyumbani, ni kuiacha mashine mbali na ukingo kwa umbali usiopungua kina cha mtaro. Mtaro wa mita mbili, cheni iwe mita mbili nyuma. Ardhi ikiwa imelowa au imewahi kufukuliwa, ongeza. Ukifanya hivyo umejiongezea umbali wa kunyanyua, kwa hiyo utahitaji mashine kubwa zaidi au bomba fupi zaidi. Bei ya usalama huanzia hapo, na mbele nitairudia.

Wanaolaza mabomba ya masafa marefu walishaukubali ukweli huu wa ubavu zamani, wakaunda mashine yao. Ina umbo la tingatinga, lakini badala ya blade mbele ina mkono ubavuni, na ubavu wa pili ina chuma kizito kinachosukumwa nje ili kuusawazisha mzigo. Mashine nzima imejengwa ikijua kwamba itanyanyua kwa ubavu kandokando ya shimo maisha yake yote. Kwenye bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lenye kilomita 1,443, ambazo 1,147 kati yake ziko Tanzania, vipande vya chuma vya inchi 24 vyenye urefu wa mita 18 vinaungwa kwa kuchomelea juu ya ardhi kwanza, kisha mnyororo mrefu wa bomba unateremshwa mtaroni na mashine kadhaa kwa mpigo, zikitembea kwa kufuatana. Kazi ile ni kama kubeba nyoka aliyelala. Kila mashine imeshika sehemu yake, na mmoja akichelewa kuteremsha, uzito wake hauendi mbinguni, unaenda kwa jirani. Ndiyo maana pale maopereta wanasikiliza sauti ya mtu mmoja tu. Bomba la Tazama kutoka Dar es Salaam hadi Ndola lililazwa kwa mtindo huo huo miaka ya 1960, likaanza kazi 1968.

Sokon I hakuna mashine za namna hiyo, wala hazihitajiki. Kuna kijiko cha kukodi kwa saa, na pengine kile cha matairi chenye baketi mbele na mkono nyuma, ambacho kila mtu anakiita JCB hata kama kimetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Kwa hiyo hoja ya kwamba tuige mradi wa mafuta haina miguu. Tutalaza mabomba kwa vijiko. Swali ni kwa namna gani.

Wasiojua Arusha watauliza kwa nini jiji linachimbwachimbwa kiasi hiki. Wenye jiji wanajua. Maji ya kandokando ya Mlima Meru yana madini mengi ya floraidi, na meno ya kahawia ya wenyeji ni ushahidi ambao hauhitaji maabara. Kupata maji ya kutosha na yanayonyweka ilibidi kwenda kuchimba visima mbali, hadi wilayani Hai, na kuyaleta kwa mabomba. Mradi mkubwa wa maji wa Arusha, ule wa shilingi bilioni 520 uliogharamiwa zaidi na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ulilenga kuvuka kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi milioni 200. Maji yakiingia nyumbani sharti yatoke. Majitaka ya jiji, yaliyozoea kwenda kwenye mabwawa ya Lemara, yamejengewa mabwawa mapya Terrat, kusini. Ongeza mifereji ya mvua, ongeza barabara mpya, ongeza uwanja wa AFCON 2027 kule Olmoti. Kila kimoja kati ya hivyo kina mtaro wake.

Na mitaro haifanani. Bomba la maji safi linasukumwa kwa nguvu, kwa hiyo linaweza kupanda na kushuka na ardhi, nalo hulazwa kwa kina cha mita moja hivi. Bomba la majitaka halina wa kulisukuma. Linateremka kwa mteremko wake lenyewe, na likikutana na kilima haliwezi kukipanda, linakichimba. Anza na kina cha mita moja juu ya mtaa, nenda mita mia tatu kwenye eneo tambarare, na mwisho wake uko kwenye mita mbili na nusu, pengine tatu. Maeneo ya kusini mwa jiji, Sokon I, Sombetini, Muriet, yanakaa kwenye njia ya maji hayo kuteremka. Ndiyo maana mitaro ya huku ni ya kumficha mtu.

Udongo wenyewe umewekwa na mlima. Meru ililipuka kidogo mara ya mwisho mwaka 1910, lakini majivu, changarawe nyepesi na matope yake ya zamani ndiyo tunayojengea. Juu mlimani udongo ni mwekundu, unashikana na unasimama wima ukichimbwa, mpaka ukadhani ni ukuta. Ukishuka kusini unakutana na mabaka ya udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ule unakuja na nyufa zake, kama mkate uliokwisha kukatwa na unasubiri mkono. Kuna pia aina ya tatu, ambayo haimo kwenye ramani ya mjiolojia yeyote, nayo ndiyo ninayoiogopa kuliko zote: udongo uliokwisha kuchimbwa. Pembeni ya mtaro wako kuna mtaro wa mwaka juzi wa maji, pembeni yake kuna wa kebo ya simu, pembeni kuna shimo la choo la mtu lililofukiwa kimyakimya. Ukuta unaouona umesimama una unene wa nusu mita tu, na nyuma yake ni kifusi.

Mita moja ya ujazo ya udongo ina tani moja na nusu au zaidi, sawasawa na gari dogo. Kipande cha ukuta chenye urefu wa mita mbili, kimo cha mita moja na unene wa nusu mita kinatimiza ujazo huo, na kinaanguka kwa muda usiotosha mtu kugeuka. Watu hudhani kinachoua ni kufunikwa kichwa. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani, kichwa kiko nje, anaongea na wenzake, naye anakufa. Kila akitoa pumzi kifua kinasinyaa, udongo unajaza nafasi ile, na pumzi inayofuata haina pa kuingilia. Wenzake wanafanya kile ambacho kila binadamu angefanya: wanaruka ndani. Ukuta wa pili unawasubiri. Au opereta anaingiza baketi kufukua haraka, na meno ya baketi hayatofautishi udongo na mbavu. Ikitokea, injini izimwe, watu wasogezwe ukingoni, Zimamoto wapigiwe kwa 114, na kufukua kufanyike kwa chepe na mikono baada ya kuta kuzuiwa. Kwenye makaratasi ni rahisi. Saa ile, ndugu yako akiwa anakuita jina, siyo rahisi hata kidogo, na ndiyo maana nguvu zote ziwekwe kabla.

Kabla maana yake ni mojawapo ya mambo matatu. Ulaze ukuta mpaka uwe mteremko, jambo ambalo mtaani halina nafasi kwa sababu ukuta ukilazwa unaingia sebuleni kwa mtu. Au uuzuie kwa mbao na jeki. Au uteremshe sanduku la chuma ambalo watu wanafanyia kazi ndani yake na linaburuzwa mbele kadiri bomba linavyoendelea. Wamarekani wanalazimisha moja ya hayo kuanzia kina cha futi tano, yaani mita moja na nusu, na wanataka udongo uliochimbwa urundikwe angalau futi mbili kutoka ukingoni. Kwetu udongo unarundikwa pale pale unapodondoka, na kijiko kinapanda juu ya rundo ili kione vizuri.

Turudi kwenye mnyororo. Kuuzungusha kwenye jino la baketi ni tabia mbaya kwa sababu jino halikuumbwa kushika, na mkono ukipinda kidogo mnyororo unateleza. Vijiko vinavyoruhusiwa kunyanyua vina sikio la kunyanyulia nyuma ya baketi au kwenye kiungo chake, na mzigo ufungwe pale kwa pingu ya chuma yenye pini. Bora zaidi baketi ivuliwe kabisa: umejirudishia karibu tani nzima ya uwezo bila kununua kitu. Baketi inayovuliwa na kuvalishwa kwa kiungo cha haraka ina mtego wake. Viungo vingine vinafungwa kwa pini ya usalama ambayo lazima mtu ashuke na kuichomeka kwa mkono. Uingereza walikufa watu kadhaa kwa pini ambayo hakuna aliyeshuka kuichomeka. Mashine za mitumba kutoka huko ziko mitaani kwetu. Nendeni mkaangalie kama pini ipo. Nimeona kimoja kimechomekwa nondo ya milimita 12 badala yake.

Halafu kuna pembe. Hili wengi hawaliamini mpaka uwachoree. Ukibeba bomba kwa mikanda miwili inayokutana juu kwenye ndoano, mikanda ikiwa karibu wima, kila mmoja unabeba nusu ya mzigo. Ifungue mpaka pembe ya juu iwe nyuzi 60, kila mmoja unabeba asilimia 58. Kwenye nyuzi 90 ni asilimia 71. Kwenye nyuzi 120, kila mkanda unabeba mzigo wote: bomba la tani moja na nusu linavuta tani moja na nusu huku na tani moja na nusu kule. Hapajaongezeka mzigo, yameongezeka majivuno ya aliyefunga kwa mkanda mfupi. Mikanda ya kisasa ina rangi zinazotaja uwezo wake: zambarau tani moja, kijani mbili, njano tatu, kijivu nne, nyekundu tano. Rangi hizo ni za mkanda wima na mzima. Ukikuta lebo imetoka na nyuzi zimekatika pembeni, rangi haina maana tena, huo ni mkanda wa kufungia mbuzi.

Bomba la plastiki lina uhuni wa aina yake. Ni jepesi, watu wanalidharau, lakini likilowa linateleza ndani ya mkanda kama sabuni, na kwa urefu wake wa mita kumi na mbili ncha ikizunguka inafagia mtaa mzima. Mkanda uzungushwe mara mbili, sehemu mbili zilizopimwa kutoka katikati, na kamba ifungwe kwenye ncha ili mtu aliongoze akiwa mbali. Kamba ya shilingi elfu chache. Kwa nini haipo? Kwa sababu mkono wa kibarua upo na haununuliwi dukani.

Wale wawili wa mtaroni ndio walionifanya nisimamishe gari. Mzigo ulipokuwa unapita juu yao walikuwa wameinua mikono kuupokea, kama mtu anayempokea mtoto kutoka juu ya ukuta. Hakuna sababu ya mtu kuwa chini ya bomba linaloteremka. Akae kwenye sehemu iliyokwisha kulazwa, nyuma, bomba lishuke mpaka usawa wa goti, ndipo asogee kulielekeza kwenye mdomo wa mwenzake. Mpaji ishara awe mmoja, juu, mahali opereta anapomwona, na akitoweka machoni kazi isimame. Ishara ya kusimama pekee ndiyo ambayo yeyote anaruhusiwa kuitoa, hata mama wa mahindi. Na juu ya vichwa vyao kulikuwa na nyaya. Laini za mtaani za kilovolti 11 au 33 haziruki mbali, lakini mkono wa kijiko ukizisogelea chini ya mita tatu umeshacheza kamari. Ukizigusa, opereta abaki kitini na asogeze mashine mpaka ijinasue. Akilazimika kuruka kwa sababu ya moto, aruke miguu ikiwa pamoja, asiguse chuma na ardhi kwa wakati mmoja.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, tunayo, na Wakala wake, OSHA, anakagua mashine za kunyanyulia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo kwa sheria ya 2008. Sioni kwamba tumepungukiwa sheria. Nimesimamia kazi hizi kwa miaka mingi, na kila nilipofuatilia kwa nini mbao hazikuwepo mtaroni, niliishia mahali pale pale: kwenye jedwali la makisio ya zabuni.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa upande wa mkandarasi mmoja kwenye kazi ya bomba la majitaka. Kuchimba kulikuwa na mstari wake, kwa mita, kwa kila kina. Kulaza bomba kulikuwa na mstari. Kufukia, kushindilia, kusomba udongo, kila kimoja na mstari wake na bei yake. Kuzuia kuta kulikuwa kumeingizwa ndani ya mstari wa kuchimba, kwa maneno machache: bei ijumuishe kuzuia kuta pale inapobidi. Aliyeweka mbao kwenye hesabu zake alikuwa ghali, akashindwa. Aliyeshinda hakuziweka, na hakuvunja kipengele chochote, kwa sababu hakuna aliyeandika ni nani anaamua inapobidi. Tulipofika kwenye mita mbili na nusu niliomba mbao. Nikaambiwa tumalize kipande kile kwanza, mvua inakuja. Ukuta uliachia usiku, hakuna mtu mtaroni. Asubuhi tulichimba upya udongo ule ule, na kazi hiyo ililipwa, kwa mita.

Mstari tofauti ungebadilisha mambo. Kuzuia kuta kupimwe kwa mita za mraba na kulipwe kwa kilichowekwa, kama zege linavyolipwa. Umbali wa kijiko kutoka ukingoni uandikwe kwenye mchoro, ili anayekadiria bei ajue anahitaji mashine ya tani ngapi kabla hajatia sahihi. Sasa hivi jambo hilo linaamuliwa na chalii mwenye kijiko cha kukodi kinacholipiwa kwa saa, mtaro ukiwa umeshachimbwa, mwenye nyumba akigomba geti lake limezibwa.

Nilimchorea yule opereta hesabu ya tani-mita kwa fimbo kwenye udongo. Akaielewa haraka kuliko mainjinia kadhaa ninaowafahamu. Akauliza kama kwa mita mbili nyuma bado angefikia, tukapima kwa hatua, tukaona kwamba angefikia endapo mabomba yangehamishiwa upande wake badala ya kulazwa ng'ambo. Lori lililoyaleta liliyashusha ng'ambo kwa sababu upande huu palikuwa na rundo la udongo. Nikaonyesha kuta, nikamuuliza mbao ziko wapi.

“Mzee,” akasema, akiwa tayari ameweka mguu kwenye cheni kupanda, “hizo mbao kwenye karatasi ya bosi zimeandikwa wapi?”

Akawasha injini. Kibarua wa ndala akateremka ngazi, ameshika hindi la kuchoma kwa meno ili mikono yote miwili iwe huru.